Vijana wa mafunzo kanisani: tembea nao

Shalom, mtumishi. Umeuliza ufanyeje na vijana wanne waliokuja kanisani kwenu Mbagala kwa mafunzo ya utumishi ya miezi sita. Hadi sasa wanapanga viti na kufunga spika tu, na wawili wameanza kukata tamaa.

Kupanga viti si vibaya, ila usiwaache hapo. Marko 3:14 inaeleza kwamba Yesu aliwachagua wale kumi na wawili wawe pamoja naye, kisha awatume kuhubiri. Anza na hilo la kwanza. Ukienda msibani, nenda na mmoja. Ukienda Muhimbili kumwona mgonjwa, mchukue mwingine, na mkiwa kwenye daladala mnarudi, muulize: umeona nini pale kitandani? Mimi nilijifunza hivyo. Mlezi wangu aliingia wodini, akavuta kiti, akakaa kimya karibu dakika kumi ameushika mkono wa yule mama, ndipo akaomba kwa maneno machache sana. Mimi nilikuwa nimeandaa mahubiri mazima.

Baada ya wiki kadhaa geuzeni zamu: kijana aombe, wewe ukae pembeni. Akikosea, msahihishe mkiwa wawili, kamwe si mbele ya waumini.

Kila mmoja awe na mlezi wake, wakutane kila wiki; mabinti walelewe na mama aliyekomaa katika huduma. Na tafadhali sana, nauli itoke kanisani. Kijana anayetoka Gongo la Mboto hadi Mbagala kila siku kwa hela yake atachoka kabla hujamfundisha chochote.