Kwa mkutubi mpya: hesabu kwanza, mageuzi baadaye

Ukipangiwa maktaba kwa mara ya kwanza, iwe ya chuo, ya wilaya au ya hospitali, utaingia ukiwa umekariri kanuni 14 za uongozi za Fayol za mwaka 1916 na zile kazi saba za meneja alizoziorodhesha Gulick mwaka 1937. Zote zina matumizi. Shida ni mpangilio tu: darasani kupanga huja mwanzo na kudhibiti huja mwisho, ilhali kazini unaanzia kwenye udhibiti. Huwezi kupangia mali usiyojua kiasi chake.

Kwa hiyo usisaini makabidhiano ya jumla jumla. Hati inayosema "maktaba na vitabu vyake vyote" inakubebesha vitabu vilivyopotea kabla hujaajiriwa. Dai orodha: daftari la usajili wa vitabu na namba ya mwisho iliyotumika, funguo, mihuri, nywila za mfumo, vitabu vilivyo mikononi mwa wasomaji, vitabu vya stakabadhi, na madeni kwa wauza vitabu. Kama ukaguzi wa karibuni haupo, andika kwenye hati hiyohiyo kwamba umepokea chumba na samani, na kwamba idadi ya vitabu itathibitishwa baada ya ukaguzi. Weka na tarehe ya ukaguzi huo.

Ukaguzi wenyewe hufanywa na watu wawili wawili: mmoja anasoma namba ya usajili kutoka kwenye kitabu, mwenzake anatia alama daftarini. Anzeni na rafu moja, pimeni muda, kisha zidisheni kwa idadi ya rafu. Ndipo utajua kama wiki moja ya likizo inatosha au uombe tatu. Kitabu kisipoonekana, usikitangaze kimepotea kabla hujaangalia orodha ya walioazima, meza ya matengenezo, ofisi za wakuu wa idara (huko hukaa vingi kuliko wanavyokiri) na rafu ambako namba ingeweza kugeuzwa, 576 ikasomwa 567. Kinachovuruga zoezi kuliko yote ni kuendelea kuazimisha huku mkihesabu. Kitabu kinarudi leo kwenye rafu iliyokaguliwa jana, nanyi mlishaandika hakipo. Simamisha uazimishaji, na vinavyorudishwa vikae meza yake mpaka mwisho.

Ukishajua ulicho nacho, tafuta kinachotumika. Chukua fungu moja moja la Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, kisha idadi ya mara ambazo vitabu vyake viliazimwa kwa mwaka igawanye kwa idadi ya vitabu hivyo. Tuseme fungu la 610, la tiba, lina vitabu 400 vilivyotoka mara 1,200: wastani ni mara 3 kwa kitabu. Fungu la 200, la dini, nalo lina 400 vilivyotoka mara 40: wastani ni 0.1. Usikimbilie kusema vya dini havisomwi. Huenda vinasomwa humohumo ndani. Ndiyo maana wasomaji huombwa waache vitabu mezani wasivirudishe wenyewe, nawe uvihesabu kwa fungu kabla ya kuvipanga. Ni dakika chache kila jioni, na bila hesabu hiyo nusu ya kazi ya maktaba haionekani kwenye ripoti.

Namba hizi ndizo zinazoamua kanuni za kuazimisha. Ranganathan, mkutubi wa India, alisema mwaka 1931 kwamba kila msomaji apate kitabu chake. Kwenye maktaba zetu hilo ni suala la hesabu. Una nakala 1 ya kitabu cha kiada na wanafunzi 60. Ukiiazimisha kwa siku 14, muhula wa wiki 15 utawapa zamu wanafunzi 7 tu, tena kama wote watarudisha kwa wakati. Iondoe nakala hiyo kwenye rafu za kawaida, iweke nyuma ya dawati, isomwe ndani kwa saa 2 kwa zamu. Maktaba ikifunguliwa saa 10 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni zamu 25 kwa wiki: wote 60 wanaipata ndani ya wiki tatu. Hujanunua chochote. Wapya wengi hapa hukimbilia kuongeza faini, wakati faini haizai nakala.

Na kuhusu faini: anayepokea fedha asiwe ndiye anayelinganisha stakabadhi na rejesta. Kama mko wawili tu, kazi ya kulinganisha mpe mhasibu.

Mwaka wa fedha, Tanzania na Kenya, huanza tarehe 1 Julai. Ombi linalomfikia mhasibu mwezi Mei limeshachelewa, mafungu yamegawanywa. Peleka mapema, mara mwongozo wa bajeti unapotoka, na usiandike "maktaba inahitaji vitabu vipya". Andika: kozi fulani, wanafunzi 60, nakala 1, zamu 25 kwa wiki zimejaa, tunaomba nakala 5, bei kwa mujibu wa ankara kifani iliyoambatishwa. Ongeza lebo za mgongoni, magamba ya plastiki, gundi na wino wa muhuri. Vitu hivi vidogo vikisahauliwa, vitabu vilivyonunuliwa hukaa kwenye maboksi hadi mwaka mwingine. Majarida ya kulipia kwa dola yaachie nafasi ya kupanda kwa bei na kuyumba kwa shilingi. Kama taasisi yako ni ya afya, kabla ya kulipia chochote angalia kwanza Hinari ya Shirika la Afya Duniani, iliyopo tangu 2002, ambayo hutoa majarida bure au kwa bei nafuu kwa taasisi zinazostahili.

Mfumo wa kompyuta usiwe jambo la kwanza. Koha, ulioanzia New Zealand, haulipiwi leseni, lakini unataka seva, umeme wa uhakika na mtu wa kuutunza. Ukiingiza daftari lenye namba za usajili zilizojirudia, utapata makosa yaleyale kwa kasi zaidi. Safisha daftari kwanza. Nakala rudufu ziwe tatu, moja nje ya jengo, na mara moja kwa muhula jaribu kuirejesha moja. Nakala isiyojaribiwa usiihesabu.

Vitabu vya misaada vina gharama, hata kama vimeletwa bure. Omba orodha yenye mwaka wa toleo kabla shehena haijasafirishwa, na uwe na ukurasa mmoja wa sera uliosainiwa na mkuu wako, ili kukataa kusiwe ugomvi wako binafsi. Vitabu vya sheria za kodi za Marekani havimsaidii mwanafunzi wa Dodoma.

Rafu ya sm 90 isijae zaidi ya sm 70. Ikijaa kabisa, migongo huchanika wakati wa kuvuta. Ikifika hapo, ni wakati wa kupunguza. Kitabu cha umma ni mali ya umma: tengeneza orodha yenye sababu ya kila kimoja, ipite kwenye kamati, pata kibali cha maandishi, gonga muhuri wa KIMEONDOLEWA, futa kwenye katalogi, kisha daftarini pitisha mstari mwekundu bila kufuta maandishi. Namba yake usiitumie tena kwa kitabu kingine.

Uzee pekee si sababu. Mwongozo wa dawa wa miaka 20 iliyopita uondoke kwa sababu unaweza kudhuru. Ripoti ya zamani ya halmashauri yako, gazeti la Kiswahili lililokwisha kufa na tasnifu zinazohusu mkoa wako zibaki hata kama hakuna aliyezigusa, maana wauza vitabu hawana. Zipe kabati lake, zisomwe ndani tu. Ukiwa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, rafu ya chini iwe sm 15 juu ya sakafu na kabati lisigusane na ukuta, kwa ajili ya mchwa na unyevu. Unyevu ukizidi asilimia 65, kuvu huanza. Kiyoyozi kinachowashwa saa 2 asubuhi na kuzimwa saa 10 jioni hupandisha na kushusha joto kila siku, jambo linalochosha karatasi. Feni na madirisha yenye wavu ni nafuu kuliko kiyoyozi cha nusu siku.