Ukija London, tenga siku moja ya Woking

Wageni wakinijia London, kila mmoja anataka Big Ben, jezi na picha za darajani. Sawa, tunakwenda. Lakini mwenye muda humpeleka Woking, mji wa pembezoni katika kaunti ya Surrey, ambao wakazi wake wengi hupanda treni kila asubuhi kwenda kazini London.

Treni za haraka kutoka Waterloo huchukua kama nusu saa. Subiri msongamano wa asubuhi upite, nauli hushuka. Keti upande wa kushoto, na mkikaribia stesheni chungulia dirishani. Kuba la msikiti huonekana mara moja katikati ya miti, kisha limeshapita.

Huo ni Msikiti wa Shah Jahan, uliojengwa 1889, wa kwanza Uingereza kujengwa tangu msingi uwe msikiti. Kinachowashangaza wengi ni kwamba aliyeujenga, Gottlieb Leitner, msomi wa lugha, alizaliwa Hungaria katika familia ya Kiyahudi. Sehemu ya fedha ilitoka kwa Begum Shah Jahan, mwanamke aliyetawala Bhopal, India. Leitner alipofariki 1899 msikiti ukafungwa, hadi Khwaja Kamal-ud-Din alipoufufua 1913. Ni mdogo kuliko unavyoonekana pichani. Ijumaa nenda kuswali. Kama nia yako ni kutalii, chagua siku nyingine.

Katikati ya mji pita haraka. Kuna maduka, na maghorofa marefu ambayo yalichangia kuizamisha halmashauri kwenye madeni hata 2023 ikatangaza imeishiwa. Kwa wenye watoto, lipo sanamu la chuma la kiumbe wa Mirihi, kwa sababu mwandishi H. G. Wells, aliyewahi kuishi hapa, katika riwaya yake The War of the Worlds aliwateremsha viumbe wake kwenye mbuga ya Horsell, pembeni tu ya mji. Ukifika Horsell usiishie kwa Wells. Kuna kiwanja chenye ukuta wa matofali na lango la kuba walikozikwa askari Waislamu wa jeshi la India waliokufa katika vita vikuu. Miili ilihamishiwa makaburi ya Brookwood 1968, na tangu 2015 kiwanja hicho ni bustani ya amani.

Basi nusu ya pili ya siku iwekee Brookwood, stesheni inayofuata. Makaburi ya London yalikuwa yamejaa, kampuni ikanunua ardhi kubwa huku na kufungua makaburi 1854. Maiti waliletwa kwa treni maalumu, kwa daraja la kwanza, la pili na la tatu. Hata kifo hakikuwafuta Waingereza matabaka! Waliofiwa walikata tiketi ya kwenda na kurudi, jeneza la kwenda tu. Treni hizo zilikoma baada ya stesheni yao London kupigwa bomu 1941. Ardhi iliyobaki kampuni iliiuza, na sehemu kubwa ya Woking ya leo imekulia juu yake.

Vaa viatu vya kutembea na ubebe maji, maana eneo ni kubwa sana, na tafuta ramani kabla ya kuanza. Katika sehemu za Waislamu wamelala Marmaduke Pickthall na Abdullah Yusuf Ali, ambao tafsiri zao za Qur'ani kwa Kiingereza huenda ziko kwenye kabati la babako.