Mjerumani ananiandikia "Sf3", nimjibuje?

SWALI: Shikamoo kaka mshauri. Mi ni kijana wa Gungu hapa Kigoma, sioni toka mdogo, chesi nilifundishwa shuleni kwa kupapasa kete. Nimepata rafiki Ujerumani, naye haoni, tumeanza mechi ya kirafiki kwa imeili. Sasa ananitumia Sf3, mara Lb5, simu inanisomea fresh tu ila S ni nani na L ni nani? Halafu umeme ukikatika simu ikazima siku mbili, si nimeshapigwa? Na washkaji wanasema niiulize kompyuta mwendo mzuri, eti atajuaje.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. S ni farasi, L ni askofu, jamaa anatumia herufi za Kijerumani, Mwingereza farasi anamwita N na Mfaransa anamwita C, kwa hiyo kila ukipata rafiki mpya utaanza kukariri upya, utachoka bure. Wacheza chesi ya barua walishalimaliza hili zamani kwa namba tupu. Zile safu a mpaka h zinakuwa 1 mpaka 8, unaandika nyumba (kile kiboksi cha ubao) kete inapotoka halafu inapoenda. Askari wa e2 kwenda e4 ni 5254. Hiyo Sf3 yake, farasi akitoka g1, ni 7163, na Lb5 askofu akitoka f1 ni 6125. Mfalme mweupe akijificha upande mfupi, ule mwendo anaohama pamoja na ngome, unaandika mwendo wa mfalme peke yake, 5171, wa ngome unaeleweka. Namba simu haikosei kusoma, wala hamhitaji kujua lugha ya mwenzio.

Ila kila imeili rudia mwendo wake wa mwisho ndo uweke wako, mfano "5254 5755, sasa 7163". Unaona kazi yake? Kama alikosea kuandika au wewe ulisikia vibaya mnagundua palepale, sio baada ya wiki mbili ubao wako una farasi na wake hauna. Na usiuweke mchezo kichwani tu, acha kete zimesimama kwenye ubao pembeni ambapo wadogo zako hawafiki 😂

Umeme usikutishe. Hiyo ndo raha ya mchezo huu, saa haikimbii. Wale wa ICCF, shirikisho la dunia la chesi ya barua, wamezoea siku 50 kwa miendo 10, nyie ni marafiki pangeni hata zaidi, cha msingi mkubaliane mapema na mtu akisafiri aseme. Mkitaka kuandikiana kwa nukta nundu kwenye karatasi pia inawezekana, posta za dunia zimekubaliana maandishi ya wasioona yasilipiwe stempu, mpaka kilo 7, ingawa yakienda kwa ndege wanaweza kukudai nyongeza.

Kompyuta sasa. Kwenye mashindano ya ICCF inaruhusiwa, watu wanajua. Nyie hamjaongelea, kwa hiyo muulize, akisema hapana basi hapana, hao washkaji wako hawachezi wao. Mi naona mkicheza bila hiyo ndo mtafahamiana, maana mwendo wa kompyuta hauna mtu ndani yake.

SWALI: Mimi mama wa Isevya, Tabora. Mwanangu haoni, anataka chesi, ubao wa wasioona dukani sijauona. Nifanyeje?

JIBU: Mama angu, nenda kwa fundi seremala. Mwambie nyumba 64, nyeusi ziinuke kidogo kuliko nyeupe, kila nyumba tundu katikati, na kila kete iwe na kijiti chini cha kuingia tunduni ili mtoto akipapasa visianguke. Kete nyeusi zipigwe kimsumari kidogo kichwani, hapo anajua zipi zake. Fundi akishangaa mwambie wasioona wana chama chao cha chesi cha dunia, na 1961 walishafanya olimpiadi yao ya kwanza kule Meschede, Ujerumani. Na kaka zake wakianza ile "umegusa cheza" waambie sheria kwa asiyeona ni tofauti, kete inahesabika imeguswa pale tu inapochomolewa tunduni, kwa hiyo apapase ubao mzima mpaka aridhike.