Vitabu 1,800, karatasi 60

Swali: Shikamoo Babu. Natunza maktaba ya shule ya sekondari huku Mbagala. Vitabu vyetu 1,800 viko kwenye Koha, programu ya kuendeshea maktaba, lakini kompyuta ni moja, na umeme ukikatika hakuna anayejua kitabu kiko rafu gani. Mkuu wa shule anataka katalogi ya kuchapa. Nilitoa rekodi kwa faili la CSV (orodha ya maandishi matupu), nikalifungua kwenye Excel, nikapeleka stesheneri. Vijana wakachapa karatasi 60 kabla sijawasimamisha: kila kitabu ukurasa wake! Tena ISBN, zile namba za utambulisho wa kila kitabu, zimegeuka 9.78999E+12 na namba za Dewey za kupangia vitabu kwa mada zimepungua tarakimu. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole. Hizo karatasi usizitupe, nyuma yake andikia azima za vitabu.

Rekodi zako ni nzima. Excel ikiona tarakimu tupu hudhani ni hesabu, basi 070 ya uandishi wa habari inakuwa 70, na ISBN ya tarakimu 13 inafupishwa. Ukishahifadhi hivyo, tarakimu za mwisho zimekwenda. Usihangaike na faili hilo, toa jingine. Lifungue kwa LibreOffice Calc. Litakuja dirisha la kuuliza. Chagua UTF-8, ule usimbaji wa herufi, kisha safu ya ISBN na ya Dewey ziwekee "Text".

Hilo la ukurasa mmojammoja ni la vijana: walitumia Mail Merge ya Word, inayojaza orodha kwenye waraka, kwa aina ya "Letters", ambayo kazi yake ni kumpa kila mtu barua yake. Waambie wachague "Directory", vitabu vitafuatana. Ukigawa A4 safu mbili kwa herufi za ukubwa wa 9, ukurasa unabeba vitabu kama 30. Piga hesabu: kurasa 60. Karatasi zile zile zingetosha katalogi nzima, na upande wa pili ungebaki mweupe!

Ila kabla ya kurudi stesheneri, panga orodha kwa jina la mwandishi, uisome kwa macho yako. Kazi ipo hapa. Kwenye kompyuta mwanafunzi akiandika jina lolote kati ya mawili ya mwandishi, kitabu anakipata. Karatasi haina huruma hiyo: mwandishi aliyeingizwa mara kwa jina la ukoo, mara kwa jina lake la kwanza, anakuwa watu wawili, kurasa kumi kati yao. Enzi za taipureta, jina nikilikosea nilikuwa narudia kadi tatu: ya mwandishi, ya jina la kitabu na ya mada. Na ukiipanga kwa jina la kitabu, utaona vya Kiingereza vimerundikana kwenye T kwa sababu ya "The". Sisi Kiswahili kimetuepusha na hilo. Na ule mkwaju (/) unaoning'inia mwisho wa jina la kitabu ni alama ya wakutubi, ufute kwenye nakala ya kuchapa tu.

Majina yarekebishe ndani ya Koha, siyo kwenye orodha, la sivyo mwakani utayakuta yanakusubiri. Zitie kwenye faili la pete, usizibaindi kwa gundi, ili uweze kuchomeka kurasa za vitabu vipya. Na tarehe ya kuchapa iandike kwenye jalada, kubwa.