Siku mbili Granada na mama mwenye shida ya magoti

Dada, umeuliza mitaa ipi ya Granada, Hispania, mtembee kwa siku mbili, na mama magoti yanamsumbua. Anzeni na Albaicín, mtaa wa zamani wa Waislamu, ila msiupande kwa miguu! Chukueni basi dogo mpaka karibu na San Nicolás, kiwanja cha juu cha kutazamia mandhari, kisha mteremke taratibu hadi mto Darro. Pale juu Alhambra, ngome na kasri la watawala wa Kiislamu wa zamani, inawatazama kutoka ng'ambo ya bonde. Watu hubanana ukutani kupiga picha. Nyie ingieni bustani ya msikiti wa jirani, uliofunguliwa 2003. Mandhari ni yaleyale na pametulia.

Aliyewahi kupotea Mji Mkongwe, Unguja, atajiona nyumbani: vichochoro vyembamba, kuta nyeupe, ghafla unatokea kwenye kiwanja kidogo chenye birika la maji la enzi za Waarabu. Lakini njia zimesakafiwa kwa kokoto za mtoni, na zikilowa zinateleza kama sabuni. Mama avae raba.

Realejo, uliokuwa mtaa wa Wayahudi mpaka walipofukuzwa 1492, ni wa kula jioni. Ukiagiza kinywaji, kwa kawaida unaletewa kisahani cha chakula bila kulipa zaidi. Kama hamli nguruwe, semeni "sin cerdo" (bila nguruwe) mapema, maana hata kwenye maharage humo anaweza kuwemo.

Sacromonte, mtaa wa kilimani, na mapango yake ya flamenko (muziki na ngoma ya huko), nendeni usiku kwa teksi.

Tiketi za Alhambra nunueni leo leo, na siku hiyo msisahau pasipoti.