Mary Poppins wa kitabuni si yule wa kwenye filamu

Ndugu, umeuliza kama yaya Mary Poppins kitabuni ni mpole kama yule wa filamu ya 1964. Wala hawakaribiani! Huyu wa P. L. Travers, kitabu cha 1934, ana majivuno, hapiti kioo cha duka bila kujitazama, na watoto wakigusia maajabu ya jana anakuja juu kana kwamba wamemtukana. Ila utamu upo. Chupa ya dawa ni moja, lakini kati ya watoto anaowalea Michael anaonja aiskrimu ya stroberi, dada yake Jane sharubati ya ndimu, wadogo zao mapacha wachanga maziwa, na yeye mwenyewe (eti yaya!) ramu. Mimi sura niipendayo ni ya hao mapacha: wanaongea na ndege kwezi dirishani, meno yakiota tu, wamesahau lugha hiyo yote.