Wasomaji Wanauliza: Nitafikaje na Lugha Yao Siijui?

*Shikamoo dada. Mwezi ujao naenda mafunzo ya miezi minne nje ya nchi, ndo mara yangu ya kwanza kupanda ndege na lugha ya huko sijui hata neno moja. Ndege inafika saa tano usiku na hakuna wa kunipokea, nimeambiwa tu nichukue teksi mpaka hosteli. Kila nikifikiria nimesimama pale nje na begi na siwezi hata kuuliza, usingizi unakata. Nifanyeje?*
Msafiri mwenye hofu

Marahaba mdogo wangu. Hofu yako naielewa, na nafurahi umeandika mapema maana kazi kubwa ya usiku huo unaifanya sasa hivi kabla hata hujafunga begi.

Anza na anwani. Waandikie hosteli leo leo wakutumie anwani yao kwa maandishi ya kwao wenyewe, siyo kwa herufi zetu hizi. Hapa ndo wengi wanakwama, unamwonyesha dereva jina la mtaa kwa herufi za Kilatini wakati yeye tangu azaliwe kalisoma kwa Kichina au Kijapani, anaitazama karatasi yako vile vile ambavyo wewe ungeitazama ya kwake. Ukishaipata piga skrinshoti, halafu iprinti kwenye karatasi kwa herufi kubwakubwa na chini yake weka namba ya simu ya hosteli. Hiyo namba usiidharau hata kidogo, dereva akipotea atapiga mwenyewe, wataongea lugha yao wataelewana, na wewe umekaa nyuma umetulia.

Halafu ramani. Watu wengi hawajui kwamba kile kidoti cha buluu kinachoonyesha ulipo hakili bando, simu inapokea mawimbi ya satelaiti moja kwa moja, kinachohitaji intaneti ni ile picha ya ramani yenyewe. Kwa hiyo daunlodi ramani ya mji mzima ukiwa bado huku, weka alama pale hosteli ilipo, na kwenye Google Translate daunlodi pia lugha ya huko ili itafsiri hata bila mtandao. Ukishaingia kwenye teksi fungua ramani uangalie kidoti kinasogea kuelekea ile alama, hilo peke yake linashusha moyo. Katikati ya maghorofa marefu kidoti huwa kinarukaruka mpaka mtaa wa pili, usishtuke, subiri kidogo kitatulia. Na kama unakoenda ni China, huduma za Google kule zimefungwa, tafuta programu nyingine inayofanya kazi huko kabla hujaondoka.

Jambo lingine dogo ila limewasumbua wengi, angalia jina la mji wenyewe linavyoandikwa na wenyeji. Ukienda Vienna kibao kitakuambia Wien, Munich ni München, Florence ni Firenze. Ubelgiji ndo kabisa, mji mmoja una majina mawili kutegemea uko upande gani wa nchi, Liège kwa wanaoongea Kifaransa ni Luik kwa Waflemi, yaani wale wanaoongea Kiholanzi, na Lille ya Ufaransa ukiwa upande wa Waflemi utaikuta imeandikwa Rijsel. Mtu anasimama chini ya ubao sahihi kabisa na treni yake inaondoka anaiona, kisa jina.

Ukitoka nje pale uwanjani nenda kwenye foleni rasmi ya teksi, yule anayekufuata ndani akikuvuta begi usimfuate hata akiongea lugha unayoijua.

*Mimi ni baba wa miaka 61, nilienda kumtembelea binti yangu anakoishi na mumewe ughaibuni. Siku ya tano nilishuka stesheni ile ile ya treni ya chini ya ardhi ninayoshukia kila siku, nikapanda ngazi, nikatokea mtaa ambao sijawahi kuuona. Simu ikazima chaji. Nilizunguka zaidi ya saa mbili, binti alilia aliponiona. Nataka kurudi tena mwakani lakini naogopa kuwa mzigo.*
Baba Wawili

Shikamoo baba. Kwanza wala hukukosea stesheni, ulikosea mlango tu, na milango ya stesheni hizi inawapoteza hata waliozaliwa pale pale. Stesheni ya Shinjuku kule Tokyo ina milango zaidi ya 200, ukitokea upande mwingine unaweza kutembea nusu saa ndo ufike ulipotakiwa kutokea. Dawa yake ni moja, kila mlango una herufi au namba yake, imeandikwa kwenye vibao kuanzia kule chini kabla ya ngazi. Siku ya kwanza mkitoka na binti mwambie asimame, isome wewe mwenyewe, iandike kwenye karatasi pamoja na jina la stesheni, karatasi ikae mfuko wa shati. Siyo kwenye simu baba, simu ndo hiyo ilizima.

Kitu kingine ningependa ukijue kabla hujarudi, miji mingi imeshafikiria mtu asiyesoma lugha yao. Tokyo mwaka 2004 waliweka herufi na namba kwenye stesheni za chini ya ardhi, kwa mfano laini ya Ginza ni rangi ya chungwa na herufi G, inaanza Shibuya G01, stesheni ya Ginza yenyewe ni G09, mwisho Asakusa G19. Kwa hiyo huhitaji kusoma Kijapani, unahesabu tu, ukiona G08 unajiandaa kusimama, na ukiona namba zinapungua wakati ulitaka ziongezeke unajua umepanda ya kurudi. Mexico City wao tangu metro yao ifunguliwe mwaka 1969 kila stesheni ina mchoro wake, wakati huo watu wengi hawakujua kusoma, Chapultepec ni panzi kwa sababu jina lenyewe kwa lugha ya Nahuatl ni kilima cha panzi. Unamwambia mtu shuka kwenye panzi, basi, atashuka.

Na ukiwa juu mtaani, soma namba za nyumba. Paris kwa mfano mtaa unaokatiza mto Seine namba zinaanzia mtoni, mtaa unaoenda sambamba na mto zinafuata maji yanakoelekea, witiri kushoto na shufwa kulia. Ukilijua hilo, nyumba mbili tu zinatosha kukuambia unaelekea wapi. Ila Tokyo usijaribu, kule mitaa mingi haina majina kabisa, anwani inahesabu vitalu vya nyumba.

Rudi mwakani baba. Binti alilia kwa kuogopa kukupoteza, si kwa kuchoka na wewe.

*Dada mimi nikiuliza njia watu wananielekeza vizuri tu kwa lugha yao, maneno mengiii, mikono inazunguka, naitikia ndio ndio halafu naondoka sijaelewa kitu. Mara mbili nimeishia mbali kabisa.*
Msomaji aliyechoka

Pole sana, ila shida iko kwenye swali. Ukiuliza "naendaje mahali fulani" unaomba maelezo, na maelezo ndo hasa kitu ambacho huwezi kuelewa. Kukariri sentensi nzima kwa lafudhi nzuri kunazidisha tatizo maana mtu anadhani unaijua lugha, anakumwagia yote. Uliza swali ambalo jibu lake ni mkono. Taja jina la mahali peke yake, nyoosha mkono upande unaodhani ndiko, umtazame. Atakubali au ataugeuza mkono wako. Unatembea kidogo mpaka kona inayofuata, unauliza mtu mwingine vile vile. Kuna watu wana roho nzuri sana hawapendi kumwacha mgeni bila jibu, atakuelekeza hata kama hajui, kwa hiyo mtu wa pili ni lazima.

Mimi hili nilifundishwa na bibi mmoja Moscow, sijui jina lake mpaka leo. Nilikuwa na jina la stesheni nimeandikiwa kwenye kikaratasi, nikampa. Akavaa miwani, akasoma, akanigeuza mabega yote mawili kama mtoto anayepelekwa shule, akaninyooshea vidole vitatu, akasubiri na mimi ninyooshe vitatu, ndo akaniachia. Stesheni tatu. Hatukusemezana neno hata moja na sikupotea. Baadaye nikaja kujua kwamba metro ya pale hata sauti inakuelekeza, ukienda katikati ya mji anatangaza mwanamume, ukitoka katikati anatangaza mwanamke, na kwenye laini ya mduara mwanamume ni kufuata mshale wa saa. Huelewi anachosema lakini unajua unaelekea wapi, mimi naona hicho ni kitu kizuri mno.

*Nina wiki mbili kabla ya safari. Nijifunze salamu au nini?*
Mwanafunzi

Salamu na asante jifunze, ni heshima, zinachukua dakika kumi. Muda uliobaki weka kwenye herufi na tarakimu, siyo maneno. Herufi za Kirusi ziko 33 tu, ukishajua kwamba P yao ni R yetu, C ni S na H ni N, kibao cha РЕСТОРАН kinajisoma chenyewe, restoran. Za Kikorea za msingi ni 24, mfalme Sejong alizitangaza mwaka 1446 akitaka hata mtu wa kawaida aweze kusoma, na kweli ukizikalia siku chache zinaingia. Kichina huwezi kuzimaliza, shika nne tu, 东 mashariki, 南 kusini, 西 magharibi, 北 kaskazini, maana barabara ndefu kule zinagawanywa hivyo, ukikosea moja unajikuta mwisho mwingine wa barabara ile ile. Na kama ni nchi ya Waarabu umeshaanza bila kujua, sita, saba, tisa na ishirini utazisikia karibu zilivyo, na dereva wa Cairo akisema yamin ni kulia, shimal ni kushoto. Ila tarakimu zao za kuandika zikalie vizuri, tano yao ٥ inafanana na sifuri yetu, na ndiyo iko usoni mwa basi.